Madoa na Mkaguzi wa Mazizi

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu. Leo mjomba wenu amekuja na mbuzi. Jina lake Madoa. Ni mweupe, ana madoa meusi mgongoni, na sikio lake la kushoto limekatwa alama ndogo. Alama hiyo ndiyo inayomtaja mwenye mbuzi. Mtazameni vizuri, maana Madoa ana neno.

"Meee! Mimi ndiye Madoa. Asubuhi mchunga hunitoa zizini. Mchana hunipeleka mtoni. Jioni hunirudisha. Siku nzima niko naye. Lakini mimi si wake! Mimi ni wa mama mmoja fundi cherehani, mama asiye na nafasi ya kuchunga. Amenikabidhi tu kwa mchunga. Basi mkiniuliza, mbuzi wa nani? Nitawajibu, wa mwenyewe!"

Yashikeni maneno hayo. Nikisema, "Mbuzi wa nani?" nanyi mniitikie, "Wa mwenyewe!" Tutayahitaji sana leo. Nataka kuwaeleza jambo ambalo watu wazima wengi hulipita mbio. Wapo watu ambao kazi yao ni kushika pesa za wenzao na kuziwekeza. Je, ni nani anayewaangalia watu hao?

Tuanze na Madoa. Madoa ni hisa.

"Mjomba, hisa ni nini?"

Ahsante kwa kuuliza! Kampuni kubwa mara nyingi haina mwenye mmoja. Umiliki wake hukatwa vipande vipande, na kila kipande kinaitwa hisa. Chukueni Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Umiliki wake umegawanywa katika hisa zaidi ya bilioni 40. Ukinunua hisa 100, nawe umekuwa mmoja wa wenye Safaricom. Mwenye mdogo sana, lakini mwenye haki. Kampuni ikipata faida, huenda ikakugawia kidogo. Mgao huo huitwa gawio. Hayo ndiyo maziwa ya Madoa. Watu wengi wakiitaka hisa yako, bei hupanda. Madoa amenenepa. Wakiikimbia, bei hushuka. Madoa amekonda.

"Na mchunga je?"

Mchunga ni dalali wa hisa. Pale Nairobi kuna Soko la Hisa. Huwezi kuingia tu na pesa yako mkononi ukasema, nipimieni hisa mbili. Sokoni humo wanaonunua na kuuza ni makampuni yenye ruhusa peke yake. Wewe unampa dalali pesa na maagizo. Yeye anakununulia kwa jina lako. Kisha anakata ada yake, nawe unabaki na hisa zako. Pesa imepita mikononi mwake, na hisa zimepita mikononi mwake. Mbuzi wa nani?

Wa mwenyewe!

Naam. Hapo ndipo penye hatari, wanangu. Mtu ameshika kitu kisicho chake, na mwenyewe yuko mbali.

Soko hilo la Nairobi lilianza mwaka 1954. Wakati huo lilikuwa chama cha hiari cha madalali wenyewe. Walikutana katika hoteli ya Stanley, wakanywa kahawa, wakapatana bei kwa mdomo. Walikuwa wachache na walijuana. Nani aliwaangalia? Waliangaliana wao kwa wao. Na lazima niwaambie jambo moja la kusikitisha: siku hizo za ukoloni Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua hisa. Lilikuwa soko la Wazungu. Mlango ulifunguliwa baada ya uhuru wa mwaka 1963.

Watu wakaongezeka. Kampuni zikaongezeka. Mbuzi wakawa wengi, na wenye mbuzi hawakuwafahamu tena wachunga kwa sura. Kuaminiana kwa kahawa hakukutosha. Ndipo Bunge la Kenya likatunga sheria mwaka 1989, ikaundwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Watu humwita mlinzi huyu kwa herufi tatu, CMA. Alianza kazi mwaka 1990, na leo ofisi zake ziko Upper Hill, Nairobi.

Mimi nitamwita mkaguzi wa mazizi.

"Mjomba, mkaguzi naye anachunga mbuzi?"

La! Swali zuri sana hilo, na wengi hukosea hapo. Mkaguzi hachungi. Hanunui hisa, hauzi hisa, hakushikii pesa yako. Kazi yake ni kuzunguka mazizini na kuuliza maswali. Njooni tumsikilize siku anapomtembelea mtu anayetaka kuwa mchunga.

"Hodi!"

"Karibu, mkaguzi."

"Nimesikia unataka kuchunga mbuzi wa watu."

"Ndiyo, nataka."

"Wewe ni nani? Umewahi kuhukumiwa kwa wizi? Umewahi kufilisika? Kazi hii umejifunza wapi? Na hao watakaokusaidia, wamejifunza wapi?"

Mchunga anajibu. Anatoa vyeti. Mkaguzi anavisoma kimoja kimoja.

"Haya. Wewe mwenyewe una mbuzi wangapi wa kwako?"

Mchunga anashtuka. "Wa kwangu? Mimi si nataka kuchunga wa watu?"

"Ndiyo maana nauliza. Siku ukipoteza mbuzi wa mtu kwa uzembe wako, utamlipa kwa nini? Kwa mbuzi wa jirani yake?"

Mnaona, wanangu? Hilo ndilo linaloitwa mtaji. Dalali wa hisa Kenya anatakiwa kuwa na mtaji wake mwenyewe wa shilingi milioni 50. Kampuni kubwa zaidi inayofanya kazi nyingi zaidi, ile inayoitwa benki ya uwekezaji, inatakiwa kuwa na milioni 250. Asiye na kitu cha kupoteza asikabidhiwe vya watu.

Kisha mkaguzi anauliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote.

"Zizi lako ni moja, au mawili?"

"Moja. Linatosha mbuzi wangu na mbuzi wa watu."

"Basi hujapata ruhusa. Jenga mawili."

"Lakini mkaguzi, mimi nawajua wote! Nikiwaona tu najua huyu wangu, huyu wa fulani."

"Wewe unajua. Je, ukifa leo usiku, nani mwingine atajua?"

Swali hilo litafakarini. Pesa za wateja zikae katika akaunti ya peke yake benki, na pesa za dalali zikae katika akaunti nyingine. Zisichanganywe hata siku moja. Dalali asilipie kodi ya ofisi kwa pesa za wateja. Asilipe mishahara kwa pesa za wateja. Asikope humo hata kwa nia ya kurudisha kesho. Wezi wengi katika kazi hii hawakuanza kwa kuiba. Walianza kwa kusema, nitarudisha kesho.

Mchunga akishajenga mazizi mawili, akaonyesha daftari lake, akakubali kukaguliwa wakati wowote, ndipo anapewa karatasi. Karatasi hiyo ni leseni. Bila leseni, kushika mbuzi wa mtu ni kosa la jinai.

"Mjomba, basi kama kuna mkaguzi, mbuzi hawapotei?"

Aa, mtoto mwenye akili! Umenifikisha mahali pagumu. Wamewahi kupotea. Kaeni vizuri niwaeleze, maana hadithi hii ni ya kweli, na wengi walilia.

Mwaka 2006 Serikali ya Kenya iliuza sehemu ya kampuni ya umeme ya KenGen kwa wananchi. Hisa moja iliuzwa shilingi 11.90. Watu walipanga foleni. Walimu, wakulima, akina mama wa sokoni, vijana, wote walitaka mbuzi. Bei ikapanda sana hisa zilipoanza kuuzwa sokoni, na habari ikaenea: hisa zina pesa! Watu waliokuwa hawajawahi kumwona dalali wakafungua akaunti. Mazizi yakajaa ghafla.

Lakini wachunga walikuwa walewale, na madaftari yao yalikuwa yaleyale ya zamani.

Mwaka 2007 kampuni moja ya udalali, Francis Thuo and Partners, ikaanguka. Watu wakashtuka. Kabla hawajatulia, Machi 2008, kampuni nyingine kubwa zaidi, Nyaga Stockbrokers, ikawekwa chini ya msimamizi maalumu kwa sababu ilishindwa kutimiza wajibu wake kwa wateja. Na hapo mambo yakafunuka. Kulikuwa na wateja ambao hisa zao zilikuwa zimeuzwa bila wao kujua.

Msikilizeni Madoa.

"Meee! Niliuzwa usiku! Fundi cherehani hakuulizwa. Mchunga alikuwa na deni lake, akanitoa mimi. Mama yangu aliendelea kushona, akidhani niko malishoni."

"Mjomba, kwani hakukuwa na daftari?"

Lilikuwepo! Tangu mwaka 2004 Kenya ilikuwa na daftari kuu la kompyuta, linalotunzwa na kampuni ya peke yake, ambalo linaandika kila hisa na mwenyewe. Makaratasi ya zamani yalikuwa yameanza kuondoka. Na daftari hilo halikusema uongo. Liliandika kwamba Madoa ameuzwa. Tatizo ni kwamba aliyekuwa na mamlaka ya kuagiza daftari liandike alikuwa mchunga. Daftari lilimsikiliza yeye, na mwenye Madoa hakupigiwa simu na mtu.

Mbuzi wa nani, wanangu?

Wa mwenyewe. Lakini mwenyewe hakuambiwa.

Mkaguzi alikuwa wapi? Mimi nasema wazi kwamba alichelewa. Ishara zilikuwepo: malipo yaliyocheleweshwa, wateja waliorudi ofisini mara kwa mara kudai pesa za mauzo yao. Kazi ya mkaguzi ni kuona zizi linapoanza kupungua, asingoje liwe tupu. Wakenya wengi walimlaumu, na lawama ile ilikuwa ya haki.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kupunguza maumivu. Sheria ilikuwa imeweka mfuko wa fidia. Katika kila biashara ya hisa, kipande kidogo sana cha ada huingia humo, kingojee siku mbaya. Siku mbaya ilipofika, mfuko ukafunguliwa. Ila mfuko ule ulikuwa na mpaka: mteja mmoja alilipwa fidia isiyozidi shilingi 50,000. Aliyekuwa na hisa za shilingi 20,000 alipata nafuu. Aliyekuwa na akiba yote ya uzeeni mle aliambulia kipande tu.

Ndipo masharti yakakazwa. Ule mtaji wa milioni 50 niliowaambia uliwekwa baada ya msiba huo, maana zamani mchunga aliruhusiwa kuanza na kidogo mno. Mwaka 2011 zikaja kanuni mpya kuhusu namna dalali anavyopaswa kuwatendea wateja wake: azitenganishe mali zao na zake, aweke kumbukumbu ya kila agizo, awaeleze hatari kabla hawajanunua, asijitangulize yeye mbele ya mteja. Na leo mwenye hisa anaweza kupata ujumbe kwa simu akaunti yake ikiguswa. Madoa akitolewa zizini, simu ya mama inalia. Ingekuwa hivyo mwaka 2008, wezi wangekamatwa wakiwa mlangoni.

Kuna mpango mwingine ambao huenda wazazi wenu wanautumia bila kuujua undani wake. Ni mifuko ya pamoja ya uwekezaji, ile ambayo watu huchangia hata kidogo kidogo kwa simu. Pale kazi imegawanywa kwa watu watatu. Meneja wa mfuko huamua mbuzi walishwe wapi. Lakini jioni hawalali kwake! Wanalala katika zizi la benki inayotunza mali hizo. Na kuna wa tatu, mdhamini, anayewawakilisha wenye mbuzi na kuangalia kama meneja anafuata aliyoahidi. Wote watatu mkaguzi anawajua na amewapa ruhusa. Mimi naupenda mpango huu. Ili mbuzi aibiwe, lazima watu watatu wakubaliane kuiba, na hilo ni gumu kuliko mmoja kushawishika peke yake usiku.

"Mjomba, na Madoa akikonda, mkaguzi ananilipa?"

Halipi, mwanangu. Sikiliza kwa makini, hapa hata wazee huchanganyikiwa.

Wiki chache tu baada ya kuanguka kwa Nyaga, Machi hiyohiyo ya 2008, Serikali ya Kenya ilianza kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom, shilingi 5 kila moja. Watu wakazigombania. Juni zikaanza kuuzwa sokoni, bei ikapanda juu ya 5, watu wakachekelea. Kisha uchumi wa dunia ukaugua, na mwaka uliofuata bei ilikuwa imeanguka hadi chini ya shilingi 3. Waliokopa ili wanunue waliumia. Wengine waliuza kwa hasara. Wengine wakakaa kimya na hisa zao, wakinywa maziwa kidogo kidogo. Mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40.

Je, mkaguzi alifanya kosa bei ilipoanguka? Hakufanya. Je, alistahili sifa ilipopanda? Hakustahili. Mvua na ukame si kazi yake. Yeye hakuahidi kwamba Madoa atanenepa. Aliahidi kuangalia kwamba Madoa, awe mnene au mwembamba, bado yuko zizini, na alama ya sikioni ni ileile. Kampuni inapouza hisa kwa umma, mkaguzi husoma kwanza waraka wake wa maelezo, ahakikishe imesema madeni yake na hatari zake. Akishaidhinisha, hajasema kwamba hisa hizo ni nzuri. Amesema kwamba umeelezwa. Kuamua ni juu yako.

Sasa niwape kisa kidogo cha mnong'ono.

Tuseme mzee mmoja wa baraza amesikia siri. Kesho anakuja mnunuzi kutoka mbali, atanunua mbuzi wote wa kijiji kwa bei kubwa. Mzee huyo hasemi kitu. Usiku anapita nyumba hadi nyumba, anawanunua mbuzi wa majirani kwa bei ya leo. Majirani wanauza, wanamshukuru. Asubuhi mnunuzi anafika.

"Mjomba, si alilipa? Basi ni wizi gani?"

Umefikiri vema! Alilipa, ndiyo. Lakini alitumia siri aliyoipata kwa sababu ya kiti chake. Majirani wangeijua wasingeuza. Sheria inakataza kabisa kufanya hivyo sokoni. Oktoba 2018 kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilitangaza kwamba inataka kuinunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil ya Kenya, shilingi 23 kila hisa, bei iliyokuwa juu sana kuliko ya sokoni. Mkaguzi akafungua kumbukumbu za siku zilizotangulia tangazo. Akaona watu waliokuwa wamenunua hisa nyingi muda mfupi tu kabla. Akazizuia baadhi ya akaunti, akaanza kuuliza: ulijuaje? Nani alikunong'oneza? Kompyuta za mkaguzi huangalia biashara za sokoni, nani ananunua, nani anauza, kwa wingi gani. Kazi hiyo haionekani na watu. Mimi naihesabu kuwa moja ya kazi zake bora.

Sasa tumtazame mchunga wa aina nyingine, yule anayenitia hofu zaidi. Huyu hana zizi. Hana leseni. Anakutumia picha ya mbuzi kwenye simu.

"Habari, dada. Nipe 10,000 leo, wiki ijayo uje uchukue 20,000. Huna haja ya kujua tunachunga wapi. Wahi, nafasi zinakwisha!"

Madoa akisikia hivyo husimamisha masikio. "Meee! Mbuzi gani anazaa kwa wiki moja?"

Wengi wa hawa hujifanya wanauza na kununua fedha za kigeni mtandaoni. Biashara hiyo ipo kweli, na Kenya iliitungia kanuni mwaka 2017 ili kampuni zinazoifanya ziombe leseni. Hata kwa aliye na leseni, watu wengi hupoteza pesa humo, maana bei huruka kila dakika. Kwa asiye na leseni hali ni mbaya zaidi. Bei unayoiona kwenye simu anaweza kuitunga mwenyewe, na pesa yako haikuingia soko lolote. Mkaguzi hutoa matangazo kuwaonya watu, akiwataja kwa majina wasio na ruhusa. Anaweza kuwafungia na kuwashtaki wakiwa ndani ya nchi. Wakiwa ng'ambo, mkono wake haufiki kwa urahisi.

Tanzania walionja uchungu wa jambo la karibu na hili. Kulikuwa na mpango ulioitwa DECI. Watu waliambiwa "wapande mbegu", yaani watoe pesa, kisha "watavuna" nyingi zaidi. Waliotangulia walivuna kweli! Waliwaita ndugu, ndugu wakawaita marafiki. Lakini mavuno ya waliotangulia yalikuwa ni mbegu za waliofuata. Hakukuwa na shamba. Serikali iliusimamisha mpango huo mwaka 2009, na baadaye baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani. Wengi waliochelewa kuingia walipoteza mbegu zao.

Tanzania wana mkaguzi wao, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, aliyeundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya kwanza humo ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Uganda na Rwanda nao wana wa kwao. Mchunga mwenye leseni ya Nairobi hawezi kufungua zizi Dar es Salaam kwa leseni hiyo. Kila mkaguzi ana mazizi yake ya kukagua.

"Mjomba, na mkaguzi mwenyewe akilala? Au akila njama na mchunga?"

Mashallah! Mtoto anayeuliza hivyo atafaa kuwa mbunge. Mkaguzi naye ana wa kumkagua. Bunge linaweza kumwita na kumhoji. Hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Na mchunga anayeona ameadhibiwa kwa uonevu anaweza kukata rufaa mbele ya baraza maalumu la masoko ya mitaji, na akienda mbele zaidi kuna mahakama. Mkaguzi asiyeweza kuulizwa angekuwa hatari kuliko mchunga mbaya.

Lakini nyinyi pia mnamsaidia. Mkaguzi ana macho machache, na wenye mbuzi ni wengi. Mara nyingi mwizi hugunduliwa kwa sababu mtu mmoja mahali fulani aliuliza, mbona pesa yangu ya mauzo haijafika? Kenya, hisa zikiuzwa, malipo yanapaswa kukamilika ndani ya siku 3 za kazi. Siku 3! Si wiki 3. Dalali akianza kusema njoo kesho, njoo keshokutwa, mtandao una shida, bosi amesafiri, usione haya. Andika malalamiko, peleka kwa Mamlaka. Wale wateja wa mwaka 2008 wangesikilizwa mapema, mazizi mengi yasingekuwa matupu.

Nyinyi bado ni wadogo. Kufungua akaunti ya hisa peke yako ni lazima uwe mtu mzima, ingawa mzazi anaweza kukufungulia kwa jina lako akaisimamia. Macho yenu hata hivyo si madogo, na simu mnazijua kuliko wengi wetu. Basi siku mama, baba, shangazi au jirani akisema amepata mtu wa kumwekezea pesa, mwombeni kwa heshima awape jina kamili la kampuni hiyo, kisha mlitafute pamoja kabla pesa haijatoka mkononi. Orodha ya waliopewa leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka. Iko wazi kwa kila mtu, na kuisoma ni bure.